Trekta lenye masaa mengi sio lazima liwe limechoka

Kuna watu wakiona mita ya trekta la mtumba imesoma masaa 6,000 wanakimbia, alafu wanaenda kununua lenye 1,500 kwa bei ya juu wakijua wamepata dili. Sio hivo jamani. Injini ya dizeli ikibadilishwa oili kila masaa 250 hivi na filta ya hewa ikatunzwa inaweza kufika hata masaa 10,000 bila kufunguliwa, ila hilo la 1,500 lililolimishwa kwenye vumbi la kiangazi na filta imetoboka, ringi za pistoni na silinda zishasagika kama zimepigwa msasa.

Na iyo mita yenyewe, kwenye matrekta mengi ya zamani inaendeshwa na kebo kutoka kwenye injini, kwaiyo inahesabu mizunguko sio saa ya ukutani, trekta likiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta mita inaenda taratibu, na kebo ikikatika ndo imesimama hapohapo miaka. Mi mita naiangalia mwisho.

Nenda asubuhi, gusa injini kwanza, kama ina moto ujue wameshaliwasha mapema kukuficha linavyosumbua likiwa baridi. Likiwaka fungua kifuniko cha kuwekea oili, moshi ukitoka kwa kusukuma puf puf, kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) inavuja kupitia ringi. Angalia na pedeli ya klachi: imelika mpaka chuma kinang'aa na mita inasema 1,500? Hapo kuna mtu kachezea. Alafu nyanyua jembe uzime injini, likishuka fasta basi haidroliki (mfumo wa oili unaonyanyua jembe) nayo inataka hela.