Mkojo unapoanza kutoka wenyewe baada ya mgongo kuvunjika

Kliniki yangu hapa Kigoma hupokea watu walioumia uti wa mgongo: wapo walioanguka mchikichini wakikata mikungu, wapo wa bodaboda. Wiki za mwanzo kibofu hulala kabisa, mgonjwa anaishi na mpira wa kutolea mkojo. Halafu siku moja shuka inalowa, na nyumba nzima inafurahi. Mama mmoja kutoka Ujiji aliniuliza huku anatabasamu: "Dokta, mkojo sasa unatoka, si ndiyo anapona?" Nikavuta kiti nikakaa naye, kwa sababu jibu lenyewe ni zito.

Kituo kinachoongoza kukojoa kiko chini kabisa ya uti, kwenye neva za chini zinazoitwa S2 hadi S4. Jeraha likiwa juu ya hapo, kituo kinabaki kizima ila hakipati tena amri ya ubongo. Kibofu kinajikaza ovyo, na msuli unaofunga njia ya mkojo, ambao ungetakiwa kulegea wakati huo, nao unajikaza. Mkojo kidogo unapenya, mwingi unabaki, presha inapanda hadi kwenye figo. Presha ya ndani ya kibofu ikizoea kuvuka sentimita 40 za maji (ndicho kipimo cha presha hiyo), figo ziko hatarini, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Zamani figo ndizo zilizoongoza kuwaua watu hawa, miaka mingi baada ya mgongo wenyewe kutulia.

Kwa hiyo tunapozungumzia upasuaji, haurudishi kukojoa kwa kawaida. Unashusha presha, unaokoa figo, na unampa mtu uhuru wa kutoka nyumbani.

Hatuanzi na kisu. Tunaanza na mpira unaoingizwa na kutolewa mara nne hadi sita kwa siku. Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida unatosha, si lazima vifaa visivyo na kijidudu hata kimoja. Kwetu hilo ni jambo kubwa: maji safi na sabuni nyumbani vinaweza kulinda figo. Dawa za kutuliza kibofu zinasaidia, na pale zinapopatikana, sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, ndani ya msuli wa kibofu hukituliza kwa miezi kadhaa, kisha zinarudiwa.

Presha ikikataa kushuka, ndipo tunapanua kibofu. Tunakata kipande cha utumbo mwembamba, sentimita 20 hadi 25, tunakipasua kwa urefu na kukishonea juu ya kibofu kilichofunguliwa, kama kiraka. Kibofu kinakuwa kikubwa na kitulivu. Lakini kile kiraka ni utumbo bado: kinatoa ute, ute unazaa mawe, hivyo lazima kibofu kisukutuliwe kwa maji. Kikiachwa kijae kupita kiasi kinaweza kupasuka, na asiye na hisia tumboni anaweza kuja na homa na tumbo kujaa tu. Ndiyo maana simwandikii mtu rufaa ya upasuaji huu kabla sijaona kwa macho yangu kwamba yeye, au ndugu anayeishi naye, anaingiza mpira kila siku bila kuruka. Naonekana mkali. Bora hivyo.

Kwa wanawake walio kwenye kiti mwendo kuna kikwazo kingine: kuingiza mpira kwa njia ya kawaida kunadai kupanda kitandani, kuvua, kupanua miguu iliyokakamaa. Mwaka 1980 daktari Mfaransa Paul Mitrofanoff alieleza namna ya kutumia kidole tumbo kama njia nyembamba kutoka kibofuni hadi kwenye ngozi, mara nyingi kitovuni. Mtu anainua blauzi, anaingiza mpira, amemaliza.

Miaka kumi baadaye daktari mwingine, Patrick Malone, akakitumia kidole tumbo hicho hicho kwa haja kubwa: maji yanaingizwa mwanzoni mwa utumbo mpana na kuusafisha kuelekea chini. Kidole tumbo ni kimoja, kwa hiyo mwenye shida zote mbili inabidi tupange. Mimi napendelea kitumike kwa kibofu, na njia ya choo naomba itengenezwe kwa kipande cha utumbo. Kidole tumbo kikiwa kirefu, huweza kugawanywa.

Haja kubwa ndiyo watu hawaisemi. Nikiuliza, macho yanashuka. Wapo wanaotumia nusu ya asubuhi chooni, wengine wameacha msikiti au kanisa kwa kuogopa kuchafuka, na kinyesi kinaozesha vidonda vya matako. Kwa hao, kolostomi, yaani utumbo kutolewa tumboni na kuwekewa mfuko, si adhabu wala dalili kwamba tumeshindwa. Naamini tunaichelewesha mno kwa sababu ya aibu ya ndugu, wakati mgonjwa mwenyewe angeikubali.

Ukipewa tarehe ya kolostomi, nenda na kiti chako na nguo unazovaa kila siku. Daktari akupige alama ya kalamu tumboni ukiwa umekaa, si umelala, kwa sababu mikunjo ya tumbo huonekana ukikaa. Alama iwe juu zaidi ya mkunjo, si kwenye mkunjo wenyewe, mahali unapopaona mwenyewe na mkono wako unafika. Mkono usipofika, mwambie aihamishe alama kabla hujaingia chumba cha upasuaji.