Je, wajua kwa nini Waargentina watatu walishindwa siku moja kwa ulinzi mmoja?

Mwaka 1955, katika raundi ya 14 ya mashindano ya sataranji ya Gothenburg, Uswidi, yaliyotafuta wawania ubingwa wa dunia, Miguel Najdorf, Oscar Panno na Herman Pilnik wa Argentina walikutana na Paul Keres, Efim Geller na Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti. Wote watatu, wakicheza kete nyeusi, walichagua Ulinzi wa Sisilia, ambapo askari mweupe akienda mraba wa e4, mweusi hujibu kwa askari wa c5 (herufi hutaja safu wima, namba hutaja mstari mlalo), tena katika tawi lenye jina la Najdorf mwenyewe. Walikuwa wameandaa mshangao: katika hatua ya 9, askari alisogezwa hadi g5.

Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Askari mweupe wa f4 akila g5, anaacha kuuchunga mraba wa e5, na farasi mweusi, akipitia d7, anaweza kutua hapo na kumtishia malkia aliyeko f3, bila askari yeyote wa kumfukuza.

Ila askari hajui kurudi nyuma. Aliyekwenda g5 hawezi tena kusimama g6, kwa hiyo mstari wa mshazari kutoka h5 hadi kwa mfalme wa e8 ukabaki na kizuizi kimoja tu, askari wa f7. Geller alimtoa kafara farasi wake kwa kumla askari wa e6. Farasi alipoliwa na askari huyo wa f7, mshazari na safu ya f vikawa wazi, malkia akaenda h5 kumshambulia mfalme, na mfalme akakimbilia f8. Kisha ikaja hatua ya 13, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: askofu akawekwa b5, mahali ambapo askari wa a6 angeweza kumla bure. Kwa kuondoka f1 aliipisha ngome, ambayo Mweupe akimficha mfalme wake, kwa hatua moja inayosogeza mfalme na ngome pamoja, hutua hapohapo na kumshambulia mfalme mweusi.

Inasimuliwa kwamba Keres na Spassky walichungulia meza ya Geller kabla ya kufuata njia hiyohiyo. Weusi wote watatu walishindwa.

Dawa ilionekana Portorož, Yugoslavia, mwaka 1958, pale Mmarekani Bobby Fischer, mwenye umri wa miaka 15, alipofika nafasi hiyohiyo dhidi ya Svetozar Gligorić. Alisogeza ngome yake mraba mmoja tu, kutoka h8 hadi h7, ikailinda f7, na mchezo ukaisha kwa sare.