Elimu kwa Umma: Nyangumi wa Ufukweni Haingii Ukumbini kwa Mwaka Mmoja

Kila inapokaribia tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, maswali kuhusu kumbi za nyangumi huongezeka, na mengi huja yakiwa yamevaa nguo za malalamiko. Mzoga ulionekana ufukweni miaka miwili iliyopita, mbona mifupa haijaonyeshwa? Kwa nini kilichotundikwa ni sanamu? Kwa nini ukumbi una giza? Kwa nini mtu aliyeleta pingili ya uti wa mgongo kwa hiari yake alijazishwa fomu badala ya kushukuriwa? Sisi tunaofanya kazi makumbusho tunaamini wanaouliza wana nia njema. Tutaanza na mifupa, kwa kuwa ndiyo inayokula muda.

Mfupa wa nyangumi umejaa mafuta. Hayako juu juu hata yafutwe kwa kitambaa. Yamo ndani ya vitundu vya mfupa, na hujipenyeza nje polepole miaka mingi baada ya nyama kwisha. Katika makumbusho ya uvuvi wa nyangumi ya New Bedford, Marekani, kuna mifupa ya nyangumi buluu mchanga aliyegongwa na meli mwaka 1998. Ilitundikwa mwaka 2000 na ikaendelea kudondosha mafuta, na wahusika wakaona bora wayakinge kwenye chombo ili wageni wayaone. Ni uamuzi mzuri wa usanifu. Ila mafuta yakiachwa bila kushughulikiwa hushika vumbi, huchacha, huwa na asidi, na asidi hiyo huula mfupa wenyewe. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford yalilazimika mwaka 2013 kuisafisha kwa mchanganyiko wa amonia mifupa ya nyangumi watano iliyokuwa imening'inia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa hiyo kazi huanzia ufukweni. Mzoga hupimwa, hupigwa picha pande zote, na daktari wa wanyama huchukua sampuli kabla kisu hakijagusa kitu kingine. Gesi ya uozo hutolewa kwa uangalifu. Wanaodhani hilo ni jambo dogo wakumbuke Tainan, Taiwan, Januari 2004: nyangumi spemaseti wa mita 17 alipasuka katikati ya mtaa akiwa juu ya lori, damu na matumbo vikamwagikia magari na maduka. Tunawaomba watu wakae mbali, wasipande juu ya mzoga kupiga picha, na wasiuguse kwa mikono mitupu, maana bakteria wa brusela huweza kumwambukiza binadamu.

Nyama ikishakatwa, kila pezi la mbele hufungwa peke yake kwenye wavu wenye matundu madogo na kuandikwa kushoto au kulia. Hatua hii ikirukwa, vifupa vya vidole huchanganyika mchangani na hakuna atakayevipanga tena kwa uhakika. Mifupa ya nyonga nayo ni midogo, imeelea ndani ya nyama bila kuungana na uti wa mgongo. Isipotafutwa siku hiyohiyo hupotea, na ndiyo sababu mifupa mingi ya nyangumi ya zamani haina nyonga. Vivyo hivyo mifupa ya koo, na ile midogo yenye umbo la herufi V iliyo chini ya mkia.

Kisha mifupa huzikwa kwenye mchanga unaopitisha hewa, mara nyingi pamoja na samadi, kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Udongo ukikosa hewa, uozo husimama. Nyangumi buluu wa mita 26 aliyezikwa katika kisiwa cha Prince Edward, Kanada, mwaka 1987 alifukuliwa mwaka 2008, na baada ya miaka ishirini na ushei bado alikuwa na nyama na mafuta tele. Alionekana ukumbini Vancouver mwaka 2010.

Baada ya kufukua ndipo mafuta huondolewa: maji ya uvuguvugu yenye sabuni isiyo kali au vimeng'enya vinavyovunja mafuta, yakibadilishwa tena na tena kwa wiki au miezi kadiri ya ukubwa wa mfupa. Fuvu na taya huwa mwisho kukauka. Kuna ushauri tunaoletewa kila mara, kwamba tungechemsha tu. Hapana. Kuchemsha hudhoofisha mfupa na kusukuma mafuta ndani zaidi. Wala dawa za klorini za kung'arishia nguo hazifai: hula kolajeni inayoshikilia mfupa, na baada ya miaka michache uso wake hubomoka kama chaki. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 inatosha mwishoni, tena kama kuna sababu. Mfupa wenye rangi ya maziwa mgando ni mzima. Ule mweupe pe kama chokaa mara nyingi umeunguzwa na dawa.

Kutundika

Nyangumi buluu wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, aliyekwama Wexford, Ireland, mwaka 1891, ana urefu wa mita 25.2 na mifupa 221 yenye uzito wa tani 4.5. Mwaka 2017 alihamishiwa ukumbi mkuu kuchukua nafasi ya nakala ya dainosaria Diplodokasi, na wapo waliopinga vikali kuondolewa kwa nakala hiyo iliyopendwa na wengi. Mhandisi wa miundo hushughulika na paa kwanza, mifupa baadaye: kila ncha ya kutundikia hupimwa kwa mzigo mkubwa kuliko ule itakaoubeba, na fuvu huhesabiwa peke yake kwa sababu uzito hurundikana mbele. Vishikizo vya chuma hukunjwa kufuata umbo la kila mfupa na kuwekewa pedi laini. Hatutoboi mfupa upya. Kila kipande lazima kiweze kushushwa bila kuvunja jirani yake, la sivyo usafishaji wa baadaye hautawezekana.

Kosa la kawaida liko kwenye sahani za gegedu kati ya pingili. Zenyewe huoza, hivyo hutengenezwa za bandia. Zikiwa nyembamba mno nyangumi hupungua mita nzima, zikiwa nene hurefuka. Vipimo vilivyochukuliwa ufukweni ndivyo vinavyoamua.

Na sanamu? Ngozi ya nyangumi haijazwi kama ya simba. Nyangumi buluu pekee duniani aliyehifadhiwa kwa ngozi yake yuko Gothenburg, Sweden, ndama aliyeuawa mwaka 1865, na hakuna anayeharakia kuirudia kazi hiyo. Sanamu ya nyangumi buluu iliyo makumbushoni New York, ya faibaglasi, ina urefu wa karibu mita 29 na uzito wa zaidi ya tani 9. Ilizinduliwa mwaka 1969, wakati ni watu wachache mno waliokuwa wamemwona nyangumi buluu hai chini ya maji. Mwaka 2003 ilibidi irekebishwe macho na matundu ya pua, na iongezewe kitovu. Sanamu nzuri, basi, huandikiwa mwaka na ushahidi iliyotokana nao. Mgeni anayesema “mmetudanganya, si wa kweli” huwa hajasoma kibandiko kilicho mbele yake.

Tukiwa kwenye vibandiko: moyo wa nyangumi buluu haulingani na gari, na hakuna mtu anayeweza kuogelea ndani ya mishipa yake. Moyo uliohifadhiwa Toronto, uliotoka kwa nyangumi aliyekufa Newfoundland mwaka 2014, ulikuwa na uzito wa takribani kilo 180 hadi 200. Tunaombwa kila mwaka turudishe ile sentensi ya gari kwa kuwa watoto waliipenda. Haitarudi.

Giza na sauti

Giza si mapambo. Baleni, zile sahani za mdomoni ambazo nyangumi wasio na meno huchujia chakula, ni keratini kama kucha zetu. Mwanga huzipausha, hewa kavu huzikunja, na mbawakawa wa mazulia na nondo wa nguo huzitafuna. Huwekwa kwenye mwanga usiozidi luksi 50 na unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Wadudu wakigunduliwa, kifaa hufungwa ndani ya plastiki, hugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa saa 72, kisha huachwa siku nzima kabla ya kufunguliwa ili unyevu ukae juu ya plastiki badala ya kukaa juu ya baleni. Mwako wa kamera huzimwa kwa sababu ileile ya mwanga.

Sauti ina tatizo jingine. Mwito wa nyangumi buluu huwa karibu na hezi 20 au chini yake, mahali ambapo sikio la binadamu ndipo linapoanzia na spika za kawaida hazifiki. Kinachosikika ukumbini kwa kawaida kimeharakishwa, tuseme mara kumi, na kibandiko kinapaswa kusema hivyo. Spika huwekwa kwenye chumba kidogo chenye benchi. Ikiachwa ukumbini huwachosha walinzi kabla ya saa sita mchana.

Nyangumi na sisi

Hapa ndipo maonyesho mengi huharibika. Yapo yanayomgeuza mvuvi wa zamani kuwa shujaa wa bahari, na yapo yanayomgeuza kila aliyewahi kushika chusa kuwa muuaji. Yote mawili hurahisisha mambo.

Dhana inayotusumbua zaidi ni kwamba mafuta ya taa yaliwaokoa nyangumi kwa kuchukua nafasi ya mafuta yao kwenye taa. Watu huisema kwa uhakika wa ajabu. Ukweli ni kwamba nyangumi wapatao milioni 2.9 waliuawa katika karne ya 20, wakati mafuta ya petroli yalikuwa yameenea tayari. Chusa chenye kombora, kilichokamilishwa na Svend Foyn wa Norway katika karne ya 19, pamoja na meli za injini na baadaye meli-viwanda, viliwafikia nyangumi wenye mbio ambao mashua za makasia hazikuwaweza, na mafuta yao yakaingia kwenye majarini (siagi bandia) na sabuni. Umoja wa Kisovieti peke yake ulificha takwimu za nyangumi wapatao 180,000. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyoundwa chini ya mkataba wa 1946, iliamua mwaka 1982 kusimamisha uvuvi wa kibiashara, na uamuzi ukaanza kutumika katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo kuweka taa ya mafuta, mkanda wa kubana kiuno wa baleni na jino lililochorwa na baharia, kisha kuruka moja kwa moja hadi kwenye bango la uhifadhi, ni kukata kipande kikubwa zaidi cha hadithi. Pakiti ya majarini ya miaka ya 1930 ingefanya kazi zaidi kuliko chusa kumi ukutani.

Uwindaji wa wenyeji wa Alaska na Greenland una mgawo wake unaopangwa na Tume, na hauchanganywi na biashara hata kwenye ramani. Mwaka 2007 wawindaji wa Alaska walikuta mwilini mwa nyangumi wa Aktiki kipande cha kombora la kutoka New Bedford la karibu mwaka 1880. Kifaa kimoja kidogo kinabeba zaidi ya karne nzima, na hakihitaji maelezo yanayozidi maneno 60.

Jamii zenye uhusiano na nyangumi, kama Wamaori wa New Zealand, huulizwa kabla ya michoro kuanza: nani ana haki ya kusimulia, picha gani zisionyeshwe, mifupa ielekezwe wapi. Kuwaletea michoro iliyokamilika ili waibariki si mashauriano.

Kuhusu kamba za uvuvi zinazonasa nyangumi na majeraha ya panga za meli: nyangumi wa Atlantiki Kaskazini wa aina iitwayo kwa Kiingereza “right whale”, wanaouawa kwa njia hizo, wamebaki chini ya 400. Picha za majeraha hayo huwekwa pembeni ya njia kuu, na ilani hubandikwa kabla ya kona ili mzazi aamue. Hatuziondoi.

Vibali na adhabu

Karibu nyangumi wote wakubwa wamo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1 Julai 1975. Nyangumi na pomboo waliobaki wamo katika Kiambatisho cha II. Mfupa wa Kiambatisho cha I ukivuka mpaka huhitaji kibali cha kuingiza, ambacho hudumu miezi 12, kisha kibali cha kutoa, ambacho hudumu miezi 6, na cha pili hakitolewi kabla ya cha kwanza. Vielelezo vya kabla ya mkataba huhitaji cheti kinachothibitisha hivyo. Maonyesho yanayosafiri yana cheti maalumu kisichozidi miaka mitatu. Orodha na sanduku lazima vilingane mfupa kwa mfupa: kilichozidi hutaifishwa, na “nilisahau kuandika” si utetezi.

Kwa aliyeokota, sheria hutegemea nchi. Uingereza, nyangumi aliyekwama ni mali ya Taji (ufalme) kwa sheria ya tangu karne ya 14. Marekani, mfupa au jino la mnyama asiye kwenye orodha ya walio hatarini huweza kuokotwa ufukweni au ndani ya robo maili kutoka baharini, mradi usajiliwe ndani ya siku 30 na usiuzwe kamwe. Nyama na ngozi haviruhusiwi, na kosa la makusudi huweza kuleta kifungo cha hadi mwaka mmoja. Ambari, bonge linalotoka tumboni mwa nyangumi spemaseti, haimo chini ya CITES, kwa kuwa huhesabiwa kuwa taka ya mnyama, lakini Marekani na Australia huizuia kwa sheria zao. Bonge la kijivu linaloelea si lazima liwe ambari. Mara nyingi ni nta au mafuta yaliyoganda.

Anayetaka kuleta kitu aje kwanza bila kitu. Alete picha tatu zenye rula ndani yake, tarehe, na mahali kilipookotwa. Hayo hutosha kwa fomu ya kwanza, na majibu hutolewa kwa maandishi. Kilichochimbwa, kilichokatwa kwa msumeno au kilichonunuliwa hakipokelewi mezani. Malalamiko kuhusu vilivyo ukumbini yaandikwe pamoja na namba ya usajili iliyo kona ya chini kulia ya kibandiko. “Yule nyangumi mkubwa” hatuwezi kulifungulia jalada.