Mbwa Mzee Mwenye Miguu Dhaifu: Soma Kabla ya Kutia Saini

Siku hizi malalamiko yanayotufikia kituoni, tunapotafutia mbwa makazi mapya, yanafanana: "Mlitupatia mbwa mgonjwa." Hapana. Mlipewa mbwa mzee, na udhaifu wa miguu yake ya nyuma uliandikwa kwenye fomu ya kumchukua mbwa. Shida ni kwamba wengi huitia fomu saini huku mkono wa pili umeshika kamba ya mbwa na macho yakiwa mlangoni.

Basi niieleze. Sehemu ya kwanza ni hali ya afya siku ya makabidhiano, pamoja na uzito. Ya pili ni dawa anazotumia na kipimo chake. Ya tatu ni chanjo. Kichaa cha mbwa hakijali umri, kwa hiyo ratiba inaendelea. Ya nne ndiyo inayozua ugomvi: ukishindwa kumtunza, mbwa anarudi kwetu, haendi kwa jirani wala kwa shemeji. Ukimgawa bila kutuarifu kwa maandishi umevunja mkataba. Tutamfuata tumchukue, na ombi lako jingine halitapokelewa. Ukimtelekeza barabarani, hayo si mambo ya mkataba tena. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

Sasa miguu. "Ni uzee tu" ni kauli ninayoisikia kila siku, na kusema kweli imenichosha. Mara nyingi kinachomsumbua ni kuchakaa kwa viungo: gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika na kila hatua inauma. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu ni nadra kulia. Atachelewa kuinuka, atalamba goti lilelile, atakataa ngazi, au atamng'akia mtoto aliyemgusa kiuno, kisha mseme amekuwa mkali. Maumivu hayo yanatulizwa. Mnene apunguzwe uzito. Atembezwe kidogo kila siku, si safari moja ndefu mwisho wa wiki. Na apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wa mifugo, baada ya kupima damu kuona figo na ini vikoje.

Nimesema aliyoandikiwa. Ibuprofeni ya binadamu huweza kumtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na kukata kidonge nusu hakukifanyi kuwa salama. Wala usimwongezee dawa ya pili ya maumivu kwa kuwa ya kwanza "imechelewa" kufanya kazi. Dawa mbili za kundi la ibuprofeni kwa pamoja ni hatari.

Inua mguu wa nyuma utazame kucha. Zikiwa zimelika upande wa juu, na akitembea unasikia kwaru, kwaru sakafuni, anaburuta mguu. Huenda tatizo liko kwenye uti wa mgongo au neva. Mtuletee tumpime. Lakini aliyetembea jana na leo hawezi kusimama kabisa apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nyumbani adui mkubwa ni sakafu inayoteleza. Tandika mikeka isiyohama kutoka anapolala hadi kwenye maji na mlangoni. Kumsaidia kuinuka, pitisha taulo chini ya tumbo, karibu na mapaja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo, umwinue kiasi cha kumpunguzia uzito tu. Akiwa dume, hakikisha taulo halizibi njia ya mkojo. Wengi huja wakisema mbwa amegoma kukojoa kumbe wamembana wenyewe.

Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa 2 hadi 4, usiku ukiwemo. Hili ndilo la kujadili na wenzako nyumbani kabla hujaja kwetu: nani ataamka? Asipogeuzwa, vidonda huanzia kwenye viwiko na nyonga, na mkojo unaobaki kwenye manyoya huchubua ngozi. Kumwosha, kumkausha na kumbadilishia tandiko ni kazi ya kila siku.

Siku ya kuja kliniki yetu hapa kituoni, njoo na video. Akifika hapa, kwa woga na harufu za wenzake, mbwa husahau kuchechemea, nanyi mnabaki kubishana na mimi. Mrekodi kwa simu asubuhi, anza akiwa bado amelala, usimwite wala kumwonyesha chakula. Sekunde 30 zinatosha, mradi miguu yote minne ionekane.