Bega linalouma kwa kunyanyua vyuma: maswali na majibu

Nanyanyua vyuma hapa Ujiji. Bega linauma juu kabisa, pale mtulinga unapoishia, hasa nikilala benchi kusukuma. Ni nini?

Hapo mtulinga unakutana na kombe la bega kwenye kiungo kidogo. Kusukuma uzito mkubwa mara kwa mara huleta nyufa ndogondogo kwenye ncha ya mtulinga. Usipoupa nafasi ya kupona, mfupa huondolewa haraka kuliko unavyojengwa, na ncha inalika. Maumivu huja taratibu, mara nyingi usiku au kesho yake, ndiyo maana wengi hudhani ni uchovu wa misuli. Pitisha mkono mbele ya kifua ushike bega la pili: yakichoma palepale juu, shuku kiungo hicho.

Chuma chetu ni bomba lenye makopo ya zege. Ndiyo sababu?

Zege halina kosa, mradi makopo yalingane. Yapime kwa mzani wa dukani. Tatizo kubwa ni kushusha chuma mpaka kifuani: viwiko vinapita nyuma ya mwili na kiungo kinaelemewa. Ukirudi benchi, weka taulo nene lililokunjwa kifuani ili chuma kiishie sentimita 4 hadi 6 juu yake. Nafasi kati ya mikono isizidi upana wa mabega mara moja na nusu.

Nipumzike muda gani?

Miezi kadhaa, wengine hata 6, bila benchi, dipsi (kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya vyuma viwili) wala pushapu. Kupunguza kilo tano ukaendelea si kupumzika. Miguu fanyia mazoezi, ila usibebe chuma begani. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15, inasaidia. Ibuprofeni inywe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiitumie bila kumuuliza daktari. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuonekana safi, hivyo maumivu yakiendelea irudiwe. Upasuaji wa kukata ncha hiyo ni kwa wachache ambao mapumziko hayakuwasaidia.

Je, chuma kikinidondokea?

Hiyo ni habari nyingine. Tundika mkono kwa khanga, usikubali kuvutwa wala kuchuliwa, nenda Hospitali ya Maweni siku hiyohiyo ukapigwe picha. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, pumzi ikibana, au mfupa ukisukuma ngozi, usisubiri hata saa moja. Mtulinga uliovunjika kwa mtu mzima huunga kwa wiki 6 hadi 12.