Dawa moja, miili tofauti: maswali kuhusu dawa za lehemu baada ya kiharusi

Mtu akitoka wodini na kiharusi, hapa Unguja au kule Pemba, mfuko wake wa dawa huwa na vidonge vya presha, aspirini, na kidonge kimoja ambacho wengi hawajui ni cha nini: atorvastatini, rosuvastatini au simvastatini. Hizi ni dawa za kundi la statini, za kupunguza lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli yaliyomo kwenye damu. Kidonge hicho ndicho kinachoachwa mapema kuliko vyote, na maswali yake ndiyo mengi kwenye dirisha la dawa. Nimeyajibu hapa yale yanayorudi mara kwa mara.

Nilipopimwa niliambiwa lehemu yangu ni ya kawaida. Kwa nini nipewe dawa ya kuishusha?

Kwa sababu kawaida ya mtu mzima wa afya siyo kawaida ya mtu ambaye mshipa wake wa ubongo umeshaziba mara moja. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao SPARCL. Watu 4,731 waliowahi kupata kiharusi, au kile cha muda mfupi kinachopita chenyewe, waligawanywa: wengine walipewa atorvastatini miligramu 80, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya takriban miaka mitano, hatari ya kiharusi kipya ilikuwa imepungua kwa asilimia 16 kwa waliopewa dawa. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa Ufaransa na Korea Kusini ukaonyesha kwamba wenye mishipa iliyojaa mafuta walilindwa zaidi lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL, iliposhushwa chini ya milimoli 1.8 kwa lita.

Hayo ni kwa kiharusi cha mshipa kuziba. Kama chako kilikuwa cha damu kuvuja ndani ya ubongo, hesabu ni nyengine na daktari wako ndiye wa kuipiga.

Mimi na kaka yangu tunameza dawa moja, miligramu zile zile. Yake imeshuka nusu, yangu imeshuka kidogo tu. Nina kasoro gani?

Huna kasoro, ingawa kwanza nitakuuliza kama unakimeza kila siku. Usione vibaya, swali hilo namuuliza kila mtu. Mara nyingi mgonjwa akiumwaga mfuko wake mezani naona kibao cha statini kimebaki na vidonge vingi kuliko vya presha, na tarehe ya kuchukuliwa ni ile ile. Hapo jibu limeshapatikana kabla ya kuingia kwenye vinasaba.

Ikiwa unameza sawasawa, basi tunafika kwenye asili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hurithi kutoka kwa wazazi hao hao, lakini hawachukui vipande vile vile. Statini hufanya kazi ndani ya ini: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza lehemu, na ini likiona upungufu hunyonya LDL nyingi zaidi kutoka kwenye damu. Kila hatua ya safari hiyo inaendeshwa na jeni, na jeni hizo zinatofautiana. Mwenye aina ya E4 ya jeni ya APOE, kwa wastani, lehemu yake hushuka kidogo kuliko ya mwenye E2. Kuna pia familia ambazo lehemu iko juu sana tangu utotoni kwa sababu ya jeni ya kurithi. Ikiwa kwenu baba alianguka kwa moyo akiwa na miaka arubaini na kitu, na ami naye vile vile, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.

Jeni nyengine, PCSK9, imetufunza jambo kubwa, na limetoka kwa watu wa asili yetu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba kati ya Wamarekani weusi waliowafuatilia, asilimia 2.6 walikuwa na nakala ya PCSK9 isiyofanya kazi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Kutokana na elimu hiyo zikapatikana sindano za kuzuia PCSK9, ambazo leo huwasaidia wale ambao vidonge peke yake havikuwatosha.

Tangu nianze dawa misuli inauma. Jirani anasema dawa hizi zinakula mwili. Niache?

Usiache kabla ya kuonana na daktari, lakini pia usinyamaze. Maumivu ya kweli ya statini huwa pande zote mbili: mapaja, nyonga, mabega, na kuinuka kutoka kwenye mkeka kunakuwa kazi. Bega moja linalouma upande uliopooza mara nyingi limetokana na kiharusi chenyewe, na dawa yake ni mazoezi ya viungo. Namna hizi mbili huchanganywa sana, na wengi wameacha kinga yao kwa sababu ya bega.

Jeni inayohusika zaidi hapa inaitwa SLCO1B1. Hii hutengeneza wachukuzi wanaosimama kwenye mlango wa ini na kuiingiza dawa ndani. Aliyerithi wachukuzi wavivu, dawa hubaki nyingi kwenye damu na kufika kwenye misuli. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza waliwachunguza watu wanaomeza simvastatini miligramu 80. Aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo dhaifu alikuwa na hatari ya ugonjwa wa misuli mara nne na nusu hivi, na mwenye nakala mbili takriban mara kumi na saba. Kwa hiyo mara nyingi dawa ya mtu huyo ni kubadilishiwa statini au kupunguziwa kipimo, na kinga yake ikaendelea.

Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi huku mwili umelegea, hapo usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi watu wa visiwani tumechanganya damu. Daktari hawezi kujua kwa sura yangu dawa ipi itanifaa?

Hawezi, na mimi naona asijaribu. Ile aina dhaifu ya SLCO1B1 imeenea zaidi Ulaya kuliko Afrika kusini mwa Sahara. Aina ya jeni ya ABCG2 inayopandisha rosuvastatini kwenye damu ni ya kawaida Asia ya Mashariki na nadra Afrika. Maelekezo ya dawa hiyo Marekani yanasema mwenye asili ya Asia aanzie miligramu 5. Sasa mtu wa Shangani au wa Wete umuweke kundi gani? Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka maeneo ya pwani yetu, Mtwapa, Manda na Kilwa yakiwemo. Wengi wa watu wale walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, pamoja na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Ngozi na nywele hazisemi ni kipande kipi ulichorithi.

Basi nitafute kipimo cha jeni?

Kwa wengi si lazima. Kipimo cha damu cha kawaida kinaonyesha matokeo ya jeni zako zote kwa pamoja. Pima kabla ya kuanza, kisha rudia baada ya wiki 4 hadi 12. Chukua mfano LDL ilikuwa 4.0. Atorvastatini ya 40 au 80 hutarajiwa kuishusha kwa nusu hivi, ifike karibu 2.0. Ikiwa imegota 3.2, kuna jambo la kutafuta. Kuongeza kipimo cha dawa mara mbili hushusha asilimia 6 tu zaidi, ndiyo maana daktari huenda akakuongezea dawa ya pili, ezetimibi. Weka karatasi za vipimo vyote pamoja uje nazo.

Dawa zimeniishia na dada yangu anazo. Nimezipata mkopo, kuna ubaya?

Upo. Yake inaweza kuwa simvastatini, na wewe unameza amlodipini ya presha. Zikikutana, simvastatini huongezeka kwenye damu, na haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku. Vidonge vya dada vikiwa vya 40, umeshavuka. Baadhi ya antibayotiki, kama klarithromaisini, zina mgongano mkali zaidi.

Na matunda? Habasoda na kitunguu thomu je?

Balungi liepuke ukiwa kwenye simvastatini, na ukiwa kwenye atorvastatini usinywe juisi yake kwa wingi, kwani linazuia utumbo kuivunja dawa. Embe na nanasi hazina neno. Habasoda na thomu endelea navyo kwenye chakula, na kidonge ukimeze vile vile. Mwezi wa Ramadhani simvastatini inakwenda vizuri baada ya futari, kwani humezwa usiku. Atorvastatini na rosuvastatini unaweza kuzimeza wakati wowote, futari au daku, ilimradi ni saa ile ile kila siku.