Hakutoa minyoo? Dawa si feki

Kila vidonge vya minyoo vinapogawiwa shuleni, siku mbili baadaye maneno ni yale yale: "Mwanangu hakutoa hata mnyoo mmoja, hiyo dawa ni feki." Mtoto anapelekwa duka la dawa, anamezeshwa kidonge cha pili. Jamani, dawa ya minyoo haipimwi kwa kuchungulia choo!

Albendazoli ya miligramu 400, au mebendazoli ya 500, haimfukuzi mnyoo akatoka mbio. Inamzuia kufyonza glukosi, naye hufa njaa polepole, kwa siku kadhaa. Wengine humeng'enywa humo humo tumboni.

Halafu, unatafuta mnyoo gani? Anayeonekana kwa urahisi ni yule mkubwa wa duara, ambaye jike lake hufika sentimita 20 hadi 35. Wa safura ana takribani sentimita 1, mwembamba kama uzi, na ndiye anayenyonya damu mpaka viganja vya mtoto vinapauka. Nani atamwona kwenye choo cha shimo? Mnyoo wa mjeledi ana sentimita 3 hadi 5, na sehemu yake nyembamba ya mbele imejichomeka kwenye ukuta wa utumbo mpana. Basi mtoto mwenye safura anaweza kutibiwa vizuri na nyumbani kisionekane kitu. Na aliyetoa minyoo kumi ya duara, mkashangilia, anaweza kubaki na mjeledi wake.

Kipimo ni kinyesi chini ya darubini, siku 14 hadi 21 baada ya dawa. Kwa Kato-Katz, njia ya maabara ya kuhesabu mayai ya minyoo, tunachukua miligramu 41.7 za kinyesi, tunahesabu mayai, tunazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Slaidi isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Ikichelewa, gliserini inayotumika kuandaa slaidi huyafuta mayai ya safura, na mtoto mgonjwa anaandikiwa kwamba hana kitu.

Lipo ambalo lazima nilikiri: kidonge kimoja humwondoa vizuri mnyoo wa duara, na kwa safura albendazoli inaishinda mebendazoli, lakini kwa mjeledi zote mbili ni dhaifu. Majaribio ya Pemba ya kuchanganya albendazoli na ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, yalitoa matokeo bora zaidi. Kuwaambia wazazi kwamba kidonge kimoja "kinasafisha tumbo lote" si kweli, na nadhani ahadi hiyo ndiyo inayozaa shutuma za dawa feki.

Wala dawa haimkingi mtoto na minyoo ya kesho. Akikanyaga peku udongo wenye kinyesi, mabuu ya safura hupenya ngozi.

Mtoto mdogo asagiwe kidonge, kichanganywe na maji. Akilia, subirini anyamaze. Kumbana mdomo kunaweza kumpalia. Akiendelea kupauka baada ya dawa, apimwe wingi wa damu. Kidonge kingine cha minyoo hakirudishi madini ya chuma yaliyokwisha kunyonywa.